Kuhesabu Mayai Kabla ya Kunywesha Dawa

Ushauri uliozoeleka kwa mfugaji ni kunywesha zizi zima dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, aliyenona na aliyekonda. Denmark ilikwishaachana na kalenda ya namna hiyo kwa farasi: tangu mwaka 1999 dawa yao hutolewa kwa cheti cha daktari, baada ya uchunguzi. Kwetu Njombe farasi ni wa nadra, lakini kipimo chao cha kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi ndicho hichohicho kinachomfaa mbuzi anayefungwa kamba kando ya shamba la chai Lupembe, akirudia kula duara alilolinyea wiki mbili nyuma.

Kinyesi kichukuliwe moja kwa moja kwenye njia ya haja kubwa, mkono ukiwa na glovu. Kilichookotwa chini huenda kimeshaingiwa na minyoo ya udongoni, na hapo majibu hayana maana. Kitiwe kwenye mfuko, mfuko ukamuliwe hewa, ufungwe, uwekwe penye ubaridi, maana kwenye joto mayai huanza kuanguliwa ndani ya siku moja.

Maabara hupima gramu 4, huzivuruga katika mililita 56 za maji ya chumvi iliyokolea, kisha huchuja. Maji hayo ni mazito kuliko yai, kwa hiyo yai huelea. Mchanganyiko hutiwa kwenye kioo cha McMaster chenye vyumba viwili, kila kimoja kikibeba mililita 0.15 chini ya mistari iliyochorwa. Baada ya dakika chache mpimaji anaona kwenye darubini mayai yenye ganda jembamba, na ndani yake chembe zimesongamana kama kichala cha zabibu. Akipata 12 katika vyumba vyote viwili, anazidisha kwa 50: mayai 600 kwa gramu. Asipoona hata moja, yai huenda lipo bado, ila ni chini ya 50.

Kwa mbuzi hesabu hii inaaminika zaidi, kwa sababu mnyoo mnyonya damu, Haemonchus contortus, hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Ng'ombe mzima anaweza kuwa na minyoo mingi na mayai machache, kwani kinga yake huzuia utagaji. Kwa hiyo namba isomwe pamoja na mnyama mwenyewe: funua kope la chini la mbuzi. Likiwa jeupe, mtibu siku hiyohiyo bila kungoja majibu.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha pili, siku 14 baada ya dawa, na ndicho kinachorukwa. Mbuzi waliokuwa na wastani wa 1,200 wanapaswa kushuka chini ya 60. Wakibaki na 300, ama uzito ulikadiriwa kwa macho wakanyweshwa pungufu, ama minyoo imekuwa sugu kwa dawa waliyonyweshwa, tuseme albendazoli, na kuirudia ni kupoteza pesa na mbuzi. Wale wenye mayai machache waachwe bila dawa. Minyoo yao ambayo haijazoea dawa huchanganyika na ile sugu na kuchelewesha usugu kuenea.

Kwa anayekata majani ya ng'ombe kwenye vinyungu bondeni, penye konokono wanaobeba mnyoo wa ini, maji ya chumvi hayatoshi. Yai la mnyoo huyo ni zito, huzama. Amwombe afisa mifugo kipimo cha kutuamisha kinyesi katika maji ya kawaida, hata kama kile cha maji ya chumvi kimesoma sifuri.