Filamu Iliyonisuta

Wacha niseme ukweli: ningeona mtandaoni picha ya kijana wa miaka 16 na nyangumi wa mita 17 aliyemchoma chusa mwaka 2017, ningemtukana pia, mfupa wa nyama choma mkononi. Ndiyo maana One with the Whale imenisuta. Wayupik wa Gambell, kisiwani St. Lawrence, wako karibu na Urusi kuliko Alaska bara. Chakula cha dukani huja kwa ndege, bei usiulize. Nyangumi mmoja hulisha kijiji. Filamu inajua hayo, lakini kwangu watukanaji wamepewa muda mwingi mno. Mimi nilitaka kukaa ufuoni kwenye visu: nani anakata, nani anabeba, nyanya yupi anapelekewa mangtak, ile ngozi na mafuta yake, kwanza.