Kafara Si Kujitolea: Jinsi Tulivyosahihishwa na Msomaji wa Barua Ndefu Kama Hii

Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukifundisha Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, kwa kutumia tafsiri ya Kiswahili ya Clement Maganga. Baadhi ya wanafunzi wetu hapa Burundi huwa wameshakutana nayo kwa Kifaransa, lugha iliyoandikiwa na kuchapishwa mjini Dakar mwaka 1979. Hivyo inawafaa sana kwa kulinganisha. Na kila mwaka, wasomaji wetu wapendwa, tumekuwa tukiuliza swali lilelile la mtihani: jadili dhamira ya mapenzi na kujitoa mhanga katika riwaya hii.

Majibu nayo yamekuwa yaleyale. Mwanafunzi anaeleza kwamba Ramatoulaye, mwalimu mwenye watoto 12, aliachwa na mumewe Modou Fall baada ya ndoa ya miaka 25. Modou alioa mke wa pili, Binetou, rafiki wa binti yake mwenyewe. Ramatoulaye hakudai talaka. Alivumilia, akalea watoto, akalipa madeni. Kwa hiyo, anahitimisha mwanafunzi, Ramatoulaye ni mfano wa mapenzi yanayojitoa mhanga. Sisi tumekuwa tukitia alama ya vema na kupita.

Safari hii tulipata insha tofauti. Mwandishi wake ni mama mwenye familia, anayefundisha shule ya msingi mchana na kuja darasani kwetu jioni. Alidai kwamba kosa limo katika swali lenyewe. Kwa nini, aliuliza, tunamtazama aliyebaki tu, na hatumtazami aliyetolewa? Katika riwaya hii mhanga ni Binetou, na yeye hakujitoa. Alitolewa.

Tulikasirika kidogo, tukubali ukweli. Kisha tuliifungua riwaya upya.

Binetou anaingia hadithini akiwa msichana wa shule, mwenye akili, anayekaribia mtihani wa mwisho wa sekondari. Nyumbani kwao ni maskini. Mama yake anamwona Modou kuwa ndiye mlango wa kutokea kwenye dhiki, analia mbele ya bintiye na kumsihi. Binetou anakubali. Anaachishwa masomo, anapewa nyumba, gari na posho ya kila mwezi. Wazazi wake wanapelekwa Maka. Nyumba hiyo ya fahari inapatikana kwa mkopo, na iliyowekwa rehani ni nyumba anayoishi Ramatoulaye, iliyojengwa kwa akiba ya wote wawili. Mariama Bâ hakuficha maoni yake hapa: anamchora msichana huyu kama mwanakondoo wa kafara.

Lugha yetu inatusaidia sana kuliona jambo hili. Katika neno la Kifaransa sacrifice huingia maana nyingi kwa pamoja. Kiswahili kinatenganisha. Kuna kujitolea, ambako mtu anatoa kilicho chake kwa hiari yake. Kuna kutoa kafara, ambako mtu anatoa kiumbe kingine ili yeye aepukwe na balaa au apate baraka. Na kuna kujitoa mhanga, ambako mtoaji na anayetolewa ni mmoja. Kiambishi kile kidogo cha -ji- ndicho kinachobeba uzito wote wa maadili. Ukikiondoa, mapenzi yanageuka biashara. Sisi walimu wa sarufi tulipaswa kuwa wa kwanza kulisema.

Tukipima wahusika kwa kipimo hiki, picha inabadilika. Aissatou, rafiki anayeandikiwa barua, mumewe daktari Mawdo Bâ alimwolea mke mwenza kwa shinikizo la mama yake, aliyeona haya ya mwanawe kuoa binti wa sonara. Aissatou aliondoka na wanawe wanne, akasoma, akawa mkalimani. Alimpenda Mawdo na alimwacha. Je, huko nako si kujitolea? Alitoa mapenzi yake ili asipoteze heshima yake. Katika majibu ya wanafunzi wetu, Aissatou huitwa jeuri.

Na Ramatoulaye je? Kubaki kwake kulikuwa uamuzi wake. Hilo hatuwezi kumnyang'anya. Lakini tusome vizuri. Alibaki akitarajia kwamba Modou atagawa zamu kati ya wake wawili kama dini inavyoagiza. Modou hakurudi tena. Uvumilivu wake haukupokelewa na mtu. Tuonavyo sisi, kujitolea kwake kwa kweli kunakuja baadaye, akiwa mjane. Daouda Dieng, mchumba wake wa zamani, mtu mwema na mwenye cheo, anarudi kumposa. Angepata raha na msaada kwa watoto wake. Anakataa. Anamheshimu lakini hampendi, na Daouda ana mke tayari. Mwanamke aliyeonja uchungu wa kuletewa mke mwenza anakataa kuwa yeye huo uchungu nyumbani kwa mwingine. Hapo ndipo mapenzi na kujitolea vinapokutana, na tumekuwa tukiuruka ukurasa huo mbio ili tufike mwisho.

Lipo pia jambo la fani. Barua hii inaandikwa ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi. Msomaji wa Kiswahili, awe wa Buyenzi au wa Unguja, haihitaji maelezo ya eda, wala ya mirathi, wala ya uke wenza. Maneno hayo yamo kinywani mwake. Ndiyo maana tunaamini kwamba riwaya hii, ikisomwa kwa Kiswahili, inakuwa karibu zaidi nasi kuliko kwa Kifaransa. Lakini ukaribu huo una hatari yake. Kile tulichokizoea tunakiona cha kawaida, na uvumilivu wa mwanamke ni mojawapo ya mambo tuliyoyazoea mno.

Je, riwaya haina dosari? Inayo, na msomaji wetu aliigusa. Wanaoandikiana ni wanawake wawili wasomi. Binetou hana barua. Tunamwona kwa mbali, ndani ya gari, katika kumbi za dansi. Hata Daba, binti wa Ramatoulaye, anapomfukuza mama yake Binetou katika ile nyumba, Binetou mwenyewe haonyeshi kujali, kama mtu aliyekwisha kufa zamani. Mariama Bâ aliliona jeraha lakini hakumpa majeruhi nafasi ya kusema. Alifariki mwaka 1981, akiwa ameshatunukiwa Tuzo ya Noma ya mwaka 1980 kwa riwaya hii, na pengo hilo limebaki kwa wasomaji kulijaza.

Wengine watasema hayo ni ya Dakar. La hasha. Nani kati yetu walimu hajawahi kuona dawati likibaki wazi katikati ya muhula, kisha akaambiwa kwamba msichana yule amepata bwana mwenye uwezo, na wazazi wake wamepumzika? Tulimsahau tulipokuwa tukitunga maswali.

Kwa hiyo tumelibadilisha swali. Kuanzia mwaka huu wanafunzi wetu wataulizwa: katika riwaya hii, nani alitoa, nani alitolewa, na nani alifaidika? Wenye nafasi wataandika pia kitu kisichokuwamo kitabuni, barua ya Binetou. Insha ya yule mama tumeipa alama inayostahili, na tumemshukuru mbele ya darasa, kwani mwalimu naye husomeshwa.