Bustani ya msimu mmoja

Bustani ya mbele ya ofisi moja hapa Nyarugusu inasifiwa sana. Mimi naona imepangwa kwa ajili ya picha. Ni zinia tupu, zimepandwa zote pamoja mvua za Novemba zilipokolea. Februari inapendeza kweli, siwezi kubisha. Lakini Siku ya Wakimbizi Duniani ni Juni 20, na huku Kigoma mvua hukatika Mei. Wageni wakifika wanakuta mabua, au wanakuta vijana wetu wanamwagilia maji ambayo mama zao wameyapangia foleni bombani.

Bogenvilia ingetosha kwa kiangazi. Ukame na jua kali ndivyo vinaitoa maua. Ukiizidishia maji inajaza majani tu. Kwa masika, panda maua ya kana pale penye tope karibu na bomba. Zinia zibaki, ila ziwe za kujazia.

Najua jibu lao: bogenvilia ni mti wa kukaa, na sisi ni watu wa kupita. Haya, kambi ilifunguliwa 1996. Jirani yangu mmoja, mzee wa Fizi, anayo mlangoni, aliianzisha kwa kijiti tu. Siku ya kurudi, anasema, atakata kijiti kingine.