Huyo Anayelia Kafiwa na Nani?

Nikifungulia spika hapa Utemini, Singida, mama mmoja jirani yangu, muuza vitunguu, huniuliza kwa huruma ya kweli: “Mwanangu, huyo anayelia kafiwa na nani?” Zamani nilikuwa nacheka. Baada ya miaka mingi ya kusikiliza metali, ile kali kabisa yenye gitaa la kukwaruza na sauti ya mnyama, nimekubali kwamba swali la mama ndilo mizani yenyewe. Bendi isiyo na jibu lake, iache.

Tuanze na koo, maana hapo ndipo wengi wanapodanganywa. Mngurumo mzuri haukwanguliwi kooni. Unasukumwa na pumzi ya tumboni na kutetemesha mikunjo ya nyama iliyo juu ya nyuzi za sauti tunazozungumzia. Ndiyo maana mjuzi huunguruma saa nzima, akashuka jukwaani, akasalimia watu kwa sauti yake ya kawaida. Asiyejua, wimbo wa nne tu keshakauka, anawanyooshea mashabiki maikrofoni wamsaidie. Kwa hiyo usihukumu kwa albamu ambayo prodyuza ameshaipaka mafuta. Tafuta video ya jukwaani, na utazame mkono. Anayefunika kichwa chote cha maikrofoni kwa viganja anajipatia uzito wa bure, na maneno yanageuka uji. Hata usipoijua lugha anayoimba, unapaswa kusikia neno linapoanza na linapokatika.

Kasi isikutishe. Napalm Death, bendi ya Birmingham, waliweka wimbo wa sekunde 1.316 kwenye albamu yao ya Scum, mwaka 1987, na kitabu cha Guinness kikauandika. Sawa. Ila Mtanzania aliyezoea singeli atashangaa nini? Biti za uswahilini Dar es Salaam zinapita mapigo 200 kwa dakika, na akina mama wanazicheza harusini na watoto mgongoni. Kwenye kasi mimi napima usawa tu: pigo la mia liwe na nguvu ya pigo la kwanza. Kama inayopiga ni mashine, sikiliza kama kuna mtu anayeitawala au kama yeye ndiye anayeikimbiza.

Uasilia ni jambo gumu zaidi. Njia yangu ni hii: sahau jina la bendi, picha na mavazi. Kama wimbo ungeweza kutoka Tampa au Gothenburg, kwenye vitovu vya metali kali, bila mtu kushtuka, hiyo ni nakala, hata ikiwa nakala safi. Afrika Mashariki tunazo nakala safi nyingi, na sizidharau. Mtu hujifunza kwa kuiga. Duma walivuka hapo. Walikuwa wawili kutoka Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, kwenye sauti, na Sam Karugu kwenye gitaa na mashine. Wote wawili walikuwa wamepitia bendi za metali za Kenya zenye mpangilio wa kawaida. Albamu yao ya kwanza ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020, lebo ile ile iliyotoa mkusanyiko wa singeli, Sounds of Sisso, mwaka 2017. Msikilizaji wa Oslo akiusikia “Lionsblood” anaona maajabu. Mimi nausikia undugu na singeli ya Manzese na Tandale: mashine imebanwa hadi inapiga kelele, na binadamu hataki kuachwa nyuma. Hata jina lina sura mbili. Mswahili anamwona mnyama mwenye mbio. Mkikuyu anasikia giza, na giza ndilo walilokusudia.

Sasa maigizo. Nyuso zilizopakwa kama maiti watu huzihesabu kuwa mali ya Wanorwei, lakini Screamin' Jay Hawkins, Mmarekani mweusi, alikuwa akitokea jenezani jukwaani katika miaka ya 1950, na mwaka 1968 Mwingereza Arthur Brown aliimba uso umepakwa rangi na kofia inawaka moto. Rangi peke yake, basi, si ugunduzi wa mtu. Sisi wa Singida tunacho cha kutisha kuliko rangi: wazee bado wanataja mbojo, watu-simba, na mauaji ya miaka ya 1940. Kijana wa hapa akipanda jukwaani na ngozi ya simba, ngozi hiyo itakuwa na uzito ambao fuvu la plastiki halina. Itakuwa na deni pia, kwa sababu zipo familia zilizozika watu. Igizo zuri hulijua deni lake.

Mfano ninaouona bora kuliko yote ni wa Paris, Julai 26, 2024, siku ya ufunguzi wa Olimpiki. Gojira, bendi ya metali ya Ufaransa, walipiga wimbo wa mapinduzi pamoja na mwimbaji wa opera Marina Viotti kwenye kuta za Conciergerie, gereza alilofungwa malkia Marie Antoinette kabla ya kukatwa kichwa mwaka 1793. Madirishani alisimama malkia, kichwa mkononi. Kafiwa na nani? Ukuta ulijibu wenyewe. Dunia nzima ilitazama, tuzo ya Grammy ikafuata mwaka 2025, na gitaa halikulainishwa hata kidogo.

Hapo umaarufu unapata kipimo chake. Sisi wapenzi wa metali tuna ugonjwa wa kuichukia bendi siku jirani anapoifahamu. Bendi ya Cradle of Filth walipotoa albamu ya Damnation and a Day chini ya lebo kubwa ya Sony, mwaka 2003, na okestra ya Budapest nyuma yao, wapo walioona usaliti. Usiulize walilipwa na nani. Uliza walitoa nini ili wapokelewe. Ukelele wa mwimbaji wao, Dani Filth, ulibaki pale pale. Kilichozidi ni mapambo, na albamu ikawa ndefu kuliko hoja yake.

Turudi kwa Lord Spikeheart wa Duma. Alitoa albamu ya The Adept peke yake mwaka 2024, kwa lebo yake ya Haekalu. Ni wa ukoo wa Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyezitunza nywele zake za msituni hadi mwaka 2022, akafariki mwaka 2023. Uasilia nampa alama zote, maigizo karibu zote. Umaarufu je? Redioni sijamsikia hata mara moja.

Mama wa vitunguu nilimsimulia habari za Muthoni na zile nywele. Akanyamaza kidogo, akasema, “Basi mwache alie. Ila punguza sauti.”