Faji ilivyovuka tumbo la kuku

Kuku mwenye kampilobakta kwa kawaida haugui. Anakula, ananenepa, anafika machinjioni na mamilioni ya bakteria hao katika kila gramu ya uchafu wa utumbo kipofu, na mfugaji haoni dalili yoyote. Anayeharisha ni mlaji wa nyama isiyoiva. Kwa hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, walikuwa wanapunguza mzigo wa bakteria tu. Mgonjwa wa kutibu hakuwapo.

Walitumia faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria na kumwacha kuku mwenyewe. Wazo ni la zamani: Félix d'Hérelle alizijaribu faji kwa kuku wenye homa ya matumbo Ufaransa mwaka 1919.

Kumpata mwindaji huyu wa bakteria si kazi ngumu. Unakoroga kinyesi cha kuku kwenye maji, unakichuja, kisha unachanganya tone la maji hayo na bakteria juu ya sahani ya agari. Kesho yake bakteria wametanda sahani nzima kama ukungu kwenye kioo, ila hapa na pale pana vidoa vilivyo wazi, mithili ya matone ya kwanza ya mvua yaliyoangukia vumbi. Kila kidoa kilianza na faji moja.

Ugumu uko tumboni. Tindikali ingeziua faji kabla hazijafika utumboni, basi zikachanganywa na kalsiamu kaboneti, ile ile ya vidonge vya kiungulia, na kunyweshwa kuku mmoja mmoja.

Ndani ya siku 5 bakteria walipungua kwa kati ya nusu logi na logi 5. Kwa lugha ya sokoni, mahali pengine walibaki theluthi, pengine mmoja katika kila laki. Pengo hilo kwangu ndilo habari yenyewe. Kila kitu kilitegemea faji ipi imekutanishwa na bakteria yupi, kwa dozi gani, na saa ngapi zimepita. Jaribio la salmonela la Uingereza lililochapishwa mwaka 2007 lilionyesha hali hiyo hiyo: faji ya kushambulia salmonela aina ya Enteritidis ilishusha bakteria kwa zaidi ya logi 4 katika saa 24, ya aina ya Hadar haikufua dafu.

Na usugu? Nottingham waliukuta kwa chini ya asilimia 4 ya bakteria, tena bakteria sugu hao walishindwa kustawi vizuri utumboni na upesi wakarudia hali ya kushambulika. Inaelekea alichokitupa bakteria ili faji isimnate alikuwa anakihitaji.

Ila faji huzaliana palipo na windo. Windo likipungua, nazo hupungua, na masalia hupata nafasi ya kuongezeka tena. Ndiyo maana dozi inafaa kutolewa siku chache kabla ya kuchinja. Hapo sasa inakuja taabu ya shambani: banda lina kuku 20,000, hakuna wa kuwanywesha mmoja mmoja, na maji ya kwenye vinyweshea yametiwa klorini, inayoua faji pia.