Jini Kapangwa Wapi?

Kwenye kitabu cha viumbe cha Dungeons & Dragons cha 2014, kila kiumbe kina aina moja kati ya 14, na aina ndiyo huamua uchawi upi utamshika. Majini yote yamewekwa fungu moja na viumbe vya moto, maji, upepo na udongo. Kanuni iko wazi, lakini inauliza swali dogo: kaumbwa kwa nini? Kwamba jini ni wa moto, huku Diani tunajua tangu madrasa. Binadamu naye ni wa udongo, mbona hajapangwa na udongo? Kwetu pepo akipanda kichwani huulizwa: wewe nani, kabila gani, unataka nini? Hapo ndipo uainishaji unapoanza.