Nafsi Iliyofichwa: Juu ya Wimbo Mmoja wa Kichina na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Wako wasemao kwamba muziki hauhitaji mkalimani. Maneno hayo nimeyasikia Dar es Salaam, nimeyasikia Beijing, na mimi mwenyewe nimepata kuyasema mbele ya wanafunzi. Siku hizi siyasemi. Katika makala haya nataka kuuchungua wimbo mmoja wa Kichina, pamoja na tafsiri niliyoifanya zamani kidogo na kujivunia, ambayo sasa naiona kuwa ina kosa. Kosa lenyewe si la mshairi wala la mtunga mahadhi. Ni la kiambishi kimoja cha Kiswahili, ambacho mtu aliyesomea isimu hadi udaktari angalipaswa kukitazama kabla ya kitu kingine chochote.

Wimbo huo unaitwa Jiao wo ruhe bu xiang ta. Maana yake ya karibu ni "Nisimkumbuke vipi", na kwa kuandika hivyo nimekwisha kulirudia kosa langu, kama msomaji atakavyoona. Maneno ni ya Liu Bannong, aliyeyaandika London mwaka 1920, muda mfupi baada ya kufika Ulaya kwa masomo. Mahadhi ni ya Yuen Ren Chao, aliyeyatunga mwaka 1926, wakati alipokuwa mwalimu katika chuo cha Tsinghua. Shairi lina beti nne, na kila ubeti hufungwa kwa kibwagizo kile kile ambacho ndicho jina la wimbo. Mna mawingu na upepo, mna mwezi na bahari, mna maua juu ya maji, na mwishoni mna mti mkavu katika baridi. Hizi ni picha za kawaida za ushairi wa Kichina, wala sitazikalia sana. Uzito wa shairi uko katika neno la mwisho la kibwagizo, ta.

Yafaa kwanza tuwajue watu hawa wawili, kwani si watunzi wa kawaida. Wote wawili walikuwa wataalamu wa lugha, na wote wawili walisoma ugenini. Liu alitoka London akaenda Paris, akazipima toni za Kichina kwa mitambo, akatoa kitabu juu ya majaribio hayo mwaka 1924, na mwaka 1925 akapata shahada ya udaktari ya Ufaransa. Alifariki mwaka 1934 kwa homa aliyoipata safarini alikokwenda kuchunguza lahaja. Chao alipata udaktari wake Harvard mwaka 1918. Yeye ndiye aliyebuni, mwaka 1930, utaratibu wa kuandika toni kwa ngazi tano, ambao wachunguzi wa lugha za toni wanautumia hata leo. Ndiye pia aliyeandika kile kisa cha mchezo ambacho kila neno lake husomwa shi, kisichofahamika kwa sikio ijapokuwa jicho hukisoma bila taabu. Kwa hiyo tulicho nacho ni shairi la mpima toni lililotiwa mahadhi na mwandika toni. Nadhani ni nadra kupata wimbo mwingine wa mapenzi wenye wazazi wa namna hiyo.

Swali la kwanza la mhakiki ni hili: mahadhi yameyatendaje maneno? Katika Kichina cha Beijing neno mai likitamkwa kwa sauti ya chini, inayoshuka kisha ikainuka, ni "nunua"; likitamkwa kwa sauti inayoporomoka kutoka juu, ni "uza". Tofauti haiko katika konsonanti wala katika vokali. Sasa, mahadhi nayo hupanda na kushuka kwa matakwa yake. Nani amfuate mwenzake? Waimbaji wa Kikantoni wamelijibu swali hili kwa ukali: mtunga maneno hutafuta neno ambalo toni yake inalingana na mwendo wa noti, na asipolipata wasikilizaji humcheka. Nyimbo nyingi za siku hizi za Kichina sanifu hazijali. Toni huachwa mlangoni kama viatu, na msikilizaji hukisia neno kwa yale yaliyolizunguka. Chao alikuwa na uangalifu wake. Katika kitabu cha nyimbo zake kilichotolewa mwaka 1928 alieleza jinsi mtunzi awezavyo kuyatendea haki maneno yenye toni bila ya kuwa mtumwa wao. Kibwagizo hakiimbwi kwa namna moja katika beti zote nne, na wajuzi wa tamthiliya ya kuimbwa ya Beijing husikia ndani yake mwangwi wa vipande vya ala vya tamthiliya hiyo, juu ya piano ya Kizungu.

Nimeyasema haya kwa sababu ya desturi inayoenea miongoni mwa vijana wetu. Tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013, Watanzania wengi wamejifunza Kichina, na wengi hushauriwa waanze kwa nyimbo. Ushauri huo ni mzuri kwa msamiati na kwa moyo. Kwa toni, ni sumu. Nimewasikia wanafunzi hodari wakiimba kwa ufasaha mkubwa, kisha wakisimama sokoni kule Beijing wakataka kuuza walichokusudia kununua. Msemaji wa Kiswahili hana budi kuonywa zaidi ya wengine, maana lugha yake, tofauti na ndugu zake wengi wa Kibantu, haina toni. Ina mkazo, nao hukaa katika silabi ya mwisho ila moja. Tukitaka mfano wa mkazo unaobadili maana, twarudi daima kwenye barabára ipitwayo na magari na barábara ya kazi iliyofanywa sawasawa, na baada ya hapo mifano hutupungukia.

Lakini mimi sikuliendea sikio la Kichina kwa njia ya Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Buger, wilaya ya Karatu, na lugha niliyonyonya ni Kiiraqw. Hiyo ni lugha ya Kikushi, yenye herufi zinazowashangaza wapiga chapa, na yenye toni ambayo hukaa hasa mwishoni mwa neno. Jina likifuatwa na mwenye kitu, au na sifa, silabi yake ya mwisho hupanda. Mtoto hafundishwi jambo hilo. Hulisikia tu kwa wazee, katika mazungumzo na katika slufay, ile dua ya kishairi ambayo mzee mmoja huiongoza na waliohudhuria wakamwitikia. Shuleni hatukuambiwa kwamba hiyo ni toni. Hatukuambiwa kitu chochote juu yake, kwani Kiiraqw hakikuwa na nafasi darasani, na katika maandishi ya kawaida toni yake haiandikwi. Niliijua kwa jina lake nilipokuwa mtu mzima, tena ugenini, mwalimu wa Kichina alipoinua mkono hewani kutuonyesha sauti inayopanda. Nikamwelewa mara moja, nikashangaa kwa nini.

Nisije nikadhaniwa kusema kwamba Mwiraqw huzaliwa anajua Kichina. Toni za Kiiraqw ni kazi ya sarufi, za Kichina ni kiini cha neno, na kwa miezi mingi nilikuwa nikisikia silabi inayopanda nikingoja jina la mwenye kitu, asitokee. Ninachosema ni kwamba mlango ulikuwa tayari umefunguliwa, na walioufungua ni watu wa Buger. Bwana W. H. Whiteley, aliyeitumikia Halmashauri ya Kiswahili katika miaka ya 1950, alitoa mwaka 1958 uchunguzi mfupi wa Kiiraqw. Yaani watu wa Kiswahili waliwahi kujua kwamba jirani huyu yupo. Katika Karatu peke yake hukutana Kibantu, Kikushi cha Wairaqw, Kinilo cha Wadatooga na lugha ya Wahadza wa Ziwa Eyasi. Naona ni hasara kwamba tunakwenda hadi Beijing kufundishwa kusikia tulivyokwisha kuvisikia nyumbani.

Sasa nirudi kwenye tafsiri. Nilipokuwa katika mwaka wa pili wa masomo, katika majira ya baridi, nilikifasiri kibwagizo hivi: Nisimkumbuke vipi. Nikahesabu mizani: ni-si-m-ku-mbu-ke-vi-pi, mizani nane, kipande kamili cha shairi letu. Kitenzi nacho nilikiona kimefaa, kwa maana Kiswahili husema "nimekukumbuka" kwa hamu na si kwa akili peke yake, na xiang ya Kichina ni hivyo hivyo, kuwaza na kutamani kwa pamoja. Nilifurahi mno, nikawaimbia wenzangu wa Tanzania na wa Kenya, wakapiga makofi.

Kosa liko katika m. Neno ta kwa sikio la Kichina ni yeye mwanamume, ni yeye mwanamke, na ni kitu pia. Vyote vitatu hutamkwa sawa kabisa. Kwa jicho, hutenganishwa kwa herufi, na hapa Liu ana sehemu yake katika historia: ni mmoja wa waliopigania, katika mwaka ule ule wa 1920, herufi ya pekee ya "yeye" wa kike, na shairi hili lilisaidia sana kuieneza. Juu ya hayo, Wachina huitumia herufi hiyo ya kike kuitajia nchi yao. Ndiyo maana wasomaji hawakukoma kuulizana: kijana huyu aliye London anamkumbuka mpenzi, au anaikumbuka China? Shairi halijibu. Anayeusikiliza wimbo bila ya kuyaona maandishi hupewa uhuru mkubwa zaidi.

Kiswahili hakimpi mtu uhuru huo. Kwa mwanamume na mwanamke hakitofautishi, na katika hilo twalingana na sikio la Kichina. Lakini kati ya mtu na nchi hapana budi kuchagua. Mtu ni nisimkumbuke, nchi ni nisiikumbuke. Na tazama: Nisiikumbuke vipi nayo ina mizani nane! Arudhi haiwezi kutuamulia. Mshairi aweza kusema kwamba nchi hufanywa mtu, ikaitwa mama, ikapewa m. Ni kweli, lakini lazima kwanza atuandae kwa beti nzima. Kiambishi pekee hakifanyi kazi hiyo. Kwa kuandika m niliwapa wasikilizaji wangu mwanamke, nikawanyang'anya China.

Iko njia ya tatu, nayo ni kukiondoa kiambishi: Nisikumbuke vipi. Sasa mizani ni saba, idadi ile ile ya silabi za Kichina, na anayekumbukwa amefichwa tena. Wenzangu wawili waliosomewa toleo hili walilikataa. Mmoja alisema kitenzi kimebaki kinaning'inia. Mwingine alisema mizani saba ni kipande kilichokatwa mguu. Nawaelewa, na kwa shairi la kusomwa huenda wana haki. Kwa wimbo sikubaliani nao. Mizani iliyopungua hujazwa na noti inayovutwa, na kitenzi kinachoning'inia bila mtendwa ndicho hasa anachokisikia Mchina. Naliona toleo la mizani saba kuwa bora kuliko lile lililopigiwa makofi, ijapokuwa si zuri kama lile.

Aliyenifunulia haya hakuwa profesa. Niliporudi likizo Buger nilimwekea mama yangu wimbo huu katika simu. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa Kiiraqw mtu huyu anamlilia nani. Kiiraqw ni kikali kwa namna yake: kina jinsi tatu, na anayetendwa hujionyesha katika fungu dogo linaloandamana na kitenzi, la kiume, la kike, au la tatu. Nikafungua kinywa kujibu, na sarufi ikanidai jinsi. Nikasema ya kike. Kwa kuwa jinsi hizo hugusa majina yote, ya watu na ya vitu, jibu langu halikufunga mlango kama m ya Kiswahili ilivyoufunga; laweza kuwa la mwanamke, laweza kuwa la kitu chochote ambacho jina lake ni la kike. Lakini mama hakuwa akihakiki mashairi. Alinitazama kwa muda, akazima simu, akauliza, "Mwanangu, una mke huko?"

Nikamwambia sina. Akauliza kama masomo yamebakiza miaka mingapi, nikamwambia miwili. Kisha akaniomba niuweke wimbo tena, na mara hii akawa anafuata kibwagizo kwa sauti ya chini, bila ya kujua neno hata moja, na kila alipofika kwenye ta alikuwa ameishika sawasawa.